Kibiriti cha Pembeni

Ndoo ilikuwa moja. Abner aliijaza kwenye bomba la nje, akatia sabuni ya unga kidogo, akaanza wodi ya wanawake kama alivyoanza kila asubuhi: mlangoni kwanza, kisha vitanda vya kushoto, kisha vya kulia. Chini ya kila kitanda alivuta karai, akalimwaga chooni, akalisuuza kwa maji ya ndoo, akalifuta kwa kitambaa na kulirudisha. Kitambaa hichohicho ndicho kilichofuta vimeza ambako wagonjwa waliweka vikombe vyao vya uji. Kila kitanda kilikuwa na watu wawili, mmoja kichwa huku, mwenzake kichwa kule. Malaria ya mwaka ule ilikuwa imepanda hadi kwenye milima ya chai, ambako wazee walizoea kujisifu kwamba mbu hawafiki, na Hospitali ya Riabaro ilikuwa imejaa mpaka verandani.

Kitanda cha pembeni, chini ya dirisha lililovunjika kioo, Abner hakukifikia. Alipiga deki hadi karibu nacho, akageuka, akarudi kinyumenyume bila kuinua macho. Pale alilala Bochaberi, mke wa mwanawe, ana mimba ya miezi saba na malaria ambayo sasa ilikuwa imeanza kumwachilia.

Wagusii huiita heshima hiyo ensoni. Baba mkwe haingii chumba anacholala mke wa mwanawe, haoni kitanda chake, hagusi nguo yake, na hata jina lake halitaji ovyo mbele za watu. Nyumbani jambo hilo halina taabu, kwa kuwa nyumba zinajengwa mbalimbali na kila mtu anajua njia yake. Hospitalini ni taabu tupu. Zamani wodi ya wanawake ilikuwa na mhudumu wake mwanamke, lakini alipunguzwa kazi pamoja na wengi wa mwaka ule, na aliyeamua apunguzwe hakuuliza habari za ensoni. Abner akaachiwa wodi zote mbili.

Kwa hiyo kitanda cha pembeni kilihudumiwa na Sista Mariam mwenyewe, binti wa Waislamu wa Kisii mjini, ambaye alikuja kazini na kipande chake cha sabuni ndani ya mfuko wa aproni na alinawa kila saa kama mtu anayejiandaa kuswali. Wala hakuna aliyelazwa kitanda kimoja na Bochaberi. Anayepanga wagonjwa vitandani alikuwa Abner, na Abner hangeweza kumpanga mtu mahali asipoweza kupatazama. Sista Mariam aliliona hilo akalinyamazia. Mwanamke yule alikuwa atolewe Ijumaa, na mtu hatibui maji yaliyotulia.

Siku ile ilikuwa Jumanne, na Jumanne ile mgeni mkubwa alikuwa anakuja kutoka makao makuu.

Verandani Abner alikuta ndoo mpya zimepangwa mstari, nyekundu na buluu, zimejazwa udongo, na kila moja imesimikwa ua. Alizitazama kwa muda. Mwezi mzima alikuwa ameomba ndoo ya pili.

"Nipatie moja tu," alimwambia mtunza bustani.

"Hizi ni za maua, mzee. Msimamizi amesema mtu asiguse."

"Maua yanaumwa?"

Mtunza bustani alicheka, akaendelea kumwagilia.

Katika chumba cha dawa, Sejal alikuwa ameinamia ubao wake. Alikuwa binti wa Shashikant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kisii, na alisomea hesabu Nairobi hadi vyuo vilipofungwa kwa sababu ya fujo. Daktari Onyancha, daktari pekee wa Riabaro, alikwenda dukani kununua mabomba, akamkuta amekaa kaunta hana la kufanya, wakazungumza. Tangu hapo Sejal alipanda pikapu ya baba yake kila ilipoleta simiti upande wa Nyansiongo, akashukia hospitalini. Wodi ilikuwa na tatizo ambalo daktari hakulielewa. Watu waliingia na malaria, wakapona malaria, halafu wakaanza kuhara damu.

"Mzee Abner, bwakire," Sejal alimwamkia kwa Kigusii.

"Bwakire buya, mwanangu. Unacheza bado?"

Juu ya ubao palikuwa na vibiriti vitupu vilivyopangwa kama vitanda vya wodi. Ndani ya kila kibiriti, isipokuwa kimoja cha pembeni, mlikuwa na punje mbili nyeupe za mahindi. Katika baadhi yake punje ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamewekwa haragwe jekundu. Kando kabisa kulikuwa na kibiriti kikubwa kilichozungushiwa uzi, chenye maharagwe manne. Hicho Abner alikitambua: chumba cha kutengwa, walikolala wanawake wanne waliokuwa hoi kwa kuhara.

"Si kucheza. Ni hesabu," alisema Sejal. "Natupa dadu. Ikitoka moja ama mbili, ugonjwa imehama kitanda. Nafanya hivyo mara mingi sana, halafu naangalia iko wapi."

"Na hiki kizibo cha soda kinachozunguka?"

Sejal alisita. "Hiyo ni wewe."

Abner alikitazama kizibo. Kilikuwa kimebonyea ukingoni. Sejal akakisukuma kutoka kibiriti hadi kibiriti kwa njia ileile aliyopita yeye kila asubuhi, huku akitupa dadu, na kila kilipopita maharagwe yaliongezeka. Kilipomaliza kushoto na kuanza kulia, ubao ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Kwa hivyo ni mimi nawamaliza," alisema Abner polepole.

"Hapana, mzee. Ni ndoo. Ndoo na hiyo kitambaa. Ukipewa ndoo mbili, dawa ya kuua wadudu na sabuni ya mkono, naanza tena, na angalia, maharagwe zinabaki hapa mlangoni. Na hawa wanne wakae ndani ya uzi. Wakitoka, hakuna ndoo itasaidia."

Yalimchoma, hata hivyo. Miaka yote alikuwa amejihesabu mtu safi.

"Kitu moja tu inanishinda," Sejal aliendelea. Akagusa kibiriti cha pembeni, chenye punje moja peke yake. "Hii, nikicheza, inashikwa kila mara. Lakini kule wodini yeye hajashikwa. Kwa nini?"

Abner aliinamisha uso. Sista Mariam, aliyekuwa akihesabu sindano, akamjibia. "Ni mkaza mwanawe. Hawa wenzetu wana heshima yao. Hafiki pale, wala ndoo yake haifiki."

Sejal aliwaza, kisha akacheza upya, na mara hii kizibo kiliruka kibiriti cha pembeni. Alicheza tena, na tena. Punje ilibaki nyeupe.

"Unaona, mzee? Heshima yako imemkinga."

Abner alicheka, na furaha ikamjaa kifuani waziwazi, hata akaona haya mbele ya watoto wale. Alitoka pale akiwa na neno hilo moyoni. Mjukuu wa kwanza, na yeye amemkinga kwa kutomkaribia tu.

Msimamizi wa hospitali, Bwana Cleophas, alifika akiwa na tai mpya. Aliwakusanya wafanyakazi verandani, akawaambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Jamaa za wagonjwa wasiruhusiwe langoni leo. Wanaolala sakafuni watafutiwe nafasi ama waruhusiwe. Na ule ubao wa yule msichana wa Kihindi, ambao amesikia ni kitu cha kisasa, uonyeshwe kwa mgeni.

"Uonyeshwe wapi?" aliuliza Daktari Onyancha.

"Chumba cha kutengwa. Ndicho chenye dari nzima, na kina bomba lake. Nimeagiza kipakwe rangi mara moja."

"Kuna wagonjwa mle."

"Wapelekwe wodini."

Daktari alivua miwani. "Bwana Cleophas, hao wanne hawawezi kuchanganywa na wengine. Huo ubao wenyewe unasema hivyo."

"Tuuweke hapa verandani," Sejal alidakia. "Ama ofisini."

"Verandani vumbi, ofisini kuna chai ya mgeni. Ni saa mbili tu, daktari. Saa mbili zitamuua nani?"

Daktari Onyancha alikuwa bado katika muda wa majaribio, na wa kumpendekeza athibitishwe alikuwa huyohuyo aliyesimama mbele yake na tai mpya. Alivaa miwani yake. Sejal alimtazama, akangoja, kisha akaacha kungoja.

Kazi ya kuhamisha ilimwangukia Abner na kijana mmoja, Makori, aliyekuwa amechukuliwa kibarua cha siku hiyo kupaka chokaa mawe ya njiani. Sista Mariam aliitwa kwenda kupiga pasi sare yake na kusimama kwenye mstari wa mapokezi. Wodi ikabaki na wanaume wawili na machela.

Abner alijitahidi. Wagonjwa watatu wa kwanza aliwaweka vitanda vya mlangoni, karibu na choo, akawaomba radhi waliosongezwa. Wa nne alikuwa bibi kizee kutoka Gesima, mwepesi kama tita la kuni kavu, na vitanda vya mlangoni havikuwa na pa kuongeza mtu tena. Wakati huo Bwana Cleophas aliita kutoka nje: ubao ubebwe sasa hivi, gari limeonekana barabarani.

"Mzae, huyu tunamweka wapi?" Makori aliuliza.

Hapo ndipo Abner alipopaswa kusema. Ilitosha aseme: popote, hata sakafuni, isipokuwa kile kitanda cha pembeni. Lakini kukitaja ni kukionyesha, na kukionyesha ni kukitazama, naye mbele yake ni kijana wa Kigusii ambaye angejua mara moja kwa nini. Asubuhi yote alikuwa amefanya kazi akiipa pembe ile mgongo.

"Mtafutie nafasi upande huu," alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa mlango. "Huu wa huku."

"Sawa, hakuna noma."

Abner akaenda kubeba ubao.

Mgeni alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alipita kati ya ndoo za maua akazisifu. Alichungulia wodi ya wanaume kutoka mlangoni, akaipungia mkono. Kisha akaingizwa kwenye chumba cha kutengwa kilichonuka rangi mbichi, ambako ubao wa Sejal ulikuwa umelazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe kilichotariziwa. Abner alisimama mlangoni na sinia ya soda, amevaa koti ambalo si lake.

Sejal alieleza. Alieleza vizuri, bila kupandisha sauti. Mgeni alicheka alipoambiwa kizibo ni mhudumu, na wote wakacheka kwa kuwa yeye amecheka.

"Na hawa walio ndani ya uzi?"

"Hao ni wagonjwa wa kutengwa. Chumba yao ni hii."

Mgeni aliangalia kuta. "Wako wapi sasa?"

"Tuliwaruhusu, mheshimiwa," alisema Bwana Cleophas. "Walipona."

Daktari Onyancha alitazama viatu vyake. Sejal akanyoosha mkono, akauinua uzi kwenye kibiriti kikubwa, akachukua maharagwe yote manne kiganjani.

"Hawakupona," alisema. "Wameenda hapa." Akatia haragwe moja katika kibiriti cha mlangoni. "Na hapa." La pili. "Na hapa." Akabaki na moja. Akainua uso akamtafuta Abner kule mlangoni. "Mzee, wa nne mliweka wapi?"

Abner alitazama ubao. Kila kibiriti kilikuwa na vitu viwili, na vya mlangoni sasa vilikuwa na vitatu. Palikuwa na kibiriti kimoja tu kwenye ubao mzima kilichokuwa na nafasi. Kijana anayetafutia mtu nafasi angeona nini kingine?

Sejal alifuata macho yake. Polepole aliweka haragwe la nne kwenye kibiriti cha pembeni, karibu na punje nyeupe.

Mgeni akapiga makofi. "Safi sana! Yaani inaonyesha hata wakihamishwa! Hii lazima wenzangu waje waione. Msiiguse, iacheni hivihivi."

Na wote wakapiga makofi.

Abner aliweka sinia chini, akatoka. Alimkuta Makori akijiosha chokaa bombani.

"Yule bibi umemweka wapi?"

"Pale kona, mzae. Wewe ulisema huku mlangoni, lakini kulijaa. Pale kuna mama moja alikuwa analala solo."

Aliufikia mlango wa wodi, akasimama. Ilikuwa mwendo mfupi. Angeweza kuuvuka, kumwinua yule bibi kizee mikononi na kumtoa. Lakini shuka ya kitanda kile imemfunika mke wa mwanawe, na wagonjwa wote walikuwa macho, wengi wao wanawake wa vijiji vya jirani waliojua ukoo wake. Habari zingefika nyumbani kabla yake. Mwanawe Ombui angezipokea huko kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Angetafutwa mbuzi wa utakaso, wangeitwa wazee, na Bochaberi angebaki ameinamisha kichwa maisha yake yote. Bora angoje Sista Mariam. Hivyo alijiambia, na ukweli ni kwamba aliogopa.

Alingoja. Sista Mariam alikuwa akimimina chai. Baada ya chai kulikuwa na hotuba, na baada ya hotuba picha.

Aliporudi, alimkuta Abner amekaa kwenye ngazi. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliingia karibu akikimbia, Abner akamsikia akisema kwa ukali, "Bochaberi! Nani alikwambia ufanye hivyo?"

Kisha sauti ya yule mwanamke kijana, ya chini, bila hatia yoyote: "Alikuwa na kiu, Sista. Angekunywaje peke yake? Ni kama mama yangu."

Alikuwa amemnywesha bibi kizee uji kwa kikombe chake mwenyewe. Alikuwa amempangusa mikono kwa leso yake, na yeye mwenyewe, kwa kuwa uji uliobaki haumwagwi, akaumalizia.

Sista Mariam alimnawisha kwa sabuni yake hadi ikabaki kama kucha. Bibi kizee alihamishiwa mkekani, karibu na mlango. Chumba cha kutengwa hakikufunguliwa tena. Wenzake wa mgeni wangekuja kutazama ubao siku yoyote, na ufunguo aliutunza Bwana Cleophas. Sejal alikwenda kumwomba, akaambiwa asiwe na wasiwasi, jina lake limeandikwa. Jioni pikapu ya simiti ilimchukua. Alipopita mbele ya Abner alisimama, akataka kusema neno, akasema tu, "Pole, mzee."

Jumatano ilipita. Mkewe Abner alileta ndizi na mboga, akasema mtoto anacheza tumboni vizuri. Abner alianza kuamini kwamba hesabu, kama watu, huweza kukosea.

Alhamisi asubuhi, kabla ya saa za kutazama wagonjwa, alikuwa akipiga deki upande wa kulia na ndoo yake. Sista Mariam alikuwa chumba cha sindano upande wa wanaume. Alifika mahali pake pa kugeukia, akageuka.

"Tata."

Baba, kwa Kigusii. Alidhani amesikia vibaya.

"Tata," sauti ilirudia, na ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kuona kilio hakisaidii. "Nisamehe. Niletee karai. Siwezi kungoja."

Abner alisimama na kitambaa mkononi kikidondosha maji. Mwanamke yule angependa kufa kuliko kumwambia baba mkwe wake neno hilo. Alikuwa ametafuta mtu mwingine wa kumwambia, akamkosa. Abner aliitazama ndoo yake, maji yake ya kijivu. Akaiacha palepale.

Alitoka verandani, akaiendea ndoo ya kwanza katika mstari, nyekundu, akang'oa ua. Udongo akaumwaga mlangoni pa Bwana Cleophas. Mtunza bustani alipiga kelele, "We mzee, umerukwa?" lakini hakumsogelea. Abner aliisugua ndoo bombani kwa mikono, akaisuuza, akaijaza maji safi mpaka juu, akaibeba.

Kabla hajafika mlangoni alihisi mguu umelowa. Aliinua ndoo akatazama chini yake. Ilikuwa imetobolewa kwa msumari, matundu matatu, maua yasioze. Aliangalia ndoo nyingine zote kwenye mstari, moja baada ya nyingine. Chini ya kila moja sakafu ilikuwa na doa la maji.

Aliziba matundu kwa kiganja, akaingia hivyohivyo. Njiani aliokota karai kwa mkono wa pili. Alipita mahali alipozoea kugeukia, na wanawake wakageuzia nyuso zao ukutani, kila mmoja, ili wawili wale wasitazamwe na mtu. Maji yalimchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko. Bochaberi alikuwa amejifunika shuka uso mzima.

"Nimekuja, mwanangu," alisema Abner.